Safu ya "Kikazi": jinsi idara ya ndege inavyofungwa kampuni ikinunuliwa

Fundi mwenzangu alinipigia simu wiki iliyopita akiwa nje ya hanga lao, pale Terminal 1. Kampuni yao imepata mmiliki mpya kutoka nje ya nchi. Akaniuliza, "Kaka, na sisi wa ndege watatuacha kweli?" Nilimweleza ninayoyajua, na naona heri niyaandike na hapa, maana si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Mimi ni mhandisi wa matengenezo ya ndege. Kwa miaka kadhaa nilikuwa kwenye idara ya ndege ya kampuni moja hapa Dar es Salaam, yaani kitengo kinachorusha ndege ya kampuni kwa safari za watu wake. Tulikuwa na King Air moja ya injini mbili, marubani watatu, mafundi wanne, na dada mmoja aliyeshughulikia ratiba, vibali na mafuta. Kampuni iliponunuliwa, idara yetu haikumaliza mwaka.

Watu husema ndege inafutwa kwa sababu ni anasa ya mabosi. Ukiziangalia hesabu kwa karibu, utaona jambo jingine. Zipo gharama zinazofuata saa za kuruka: mafuta, ada za kutua, na akiba ya ukarabati mkubwa wa injini, ambao kwa injini za PT6A kama zetu huja kila baada ya saa 3,600. Halafu zipo gharama zisizojali ndege imeruka au imelala: bima, kodi ya hanga, mishahara, na mafunzo ya marubani kwenye simuleta, ambayo wetu walikuwa wakiyafuata Johannesburg. Chukua mfano tu. Gharama hizi za pili zikiwa dola 400,000 kwa mwaka na ndege ikaruka saa 400, kila saa imebeba dola 1,000. Ikiruka saa 100, kila saa imebeba dola 4,000. Ndege ni ileile na watu ni walewale.

Sasa kampuni imenunuliwa. Agizo la kwanza kwetu lilikuwa kusimamisha safari zote "zisizo za lazima" mpaka uongozi mpya ujipange. Mameneja wa zamani nao, wakijua nafasi zao zinaangaliwa, hawakutaka tena majina yao yaonekane kwenye orodha ya abiria. Saa zikaporomoka. Baada ya robo mwaka akaja mtu wa fedha, akagawanya, akakuta gharama ya saa moja imepanda zaidi ya mara tatu, na namba hiyo ndiyo iliyokwenda makao makuu. Agizo lao ndilo lililoipandisha, kisha ikatumika kuhalalisha kufunga. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyedanganya. Kila tarakimu ilikuwa sahihi.

Wala si mambo ya kwetu tu. Mwaka 2008 InBev ya Ubelgiji ilipoinunua Anheuser-Busch, kampuni ya bia ya St. Louis, Marekani, kwa takriban dola bilioni 52, ndege za Falcon zilizokuwa fahari ya kampuni hiyo ziliwekwa sokoni. Mwaka 2013 Heinz ilichukuliwa na Berkshire Hathaway pamoja na 3G Capital, mfuko wa uwekezaji ulioanzishwa na Wabrazili, na ndege za kampuni zikawa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuondoka. Watu wa 3G wana utaratibu wao wa bajeti: kila mwaka inaanza sifuri, na kila matumizi lazima yajitetee upya, hata kama yamekuwepo miaka thelathini. Kuna waliopona kwa njia nyingine. Baada ya Daimler ya Ujerumani kuungana na Chrysler mwaka 1998, kitengo chao cha ndege, Pentastar Aviation, kiliuzwa mwaka 2001 kwa Edsel Ford II, kikaendelea kama biashara inayojitegemea. Lakini Pentastar ilikuwa na kitu cha kuuza. Idara yenye ndege moja haina.

Nirudi kwenye utetezi, maana hapo ndipo sisi tuliposhindwa. Vitabu vya ndege haviachi kitu upande wa chuma. Ukinitajia tarehe nitakwambia injini ya kushoto ilikuwa na saa ngapi, iliongezwa mafuta ya kulainisha kiasi gani, tairi gani ilibadilishwa na nani aliweka sahihi. Ila kwenye fomu yetu ya safari palikuwa na safu ndogo upande wa kulia, "Sababu ya safari", na kurasa kwa kurasa imeandikwa neno moja: Kikazi. Kikazi. Kikazi.

Yule mtu wa fedha aliweka kidole kwenye mstari mmoja, abiria wawili, kwenda na kurudi siku ileile, akauliza ilikuwa safari ya nini. Niliikumbuka vizuri. Mtambo ulikuwa umesimama kanda ya ziwa, karibu na kiwanja cha vumbi ambacho hakina ndege ya abiria. Tulipakia kifaa alfajiri pamoja na mafundi wawili, na jioni mtambo ukawaka. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita elfu moja. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza imeandikwa wapi. Haikuandikwa popote.

Uamuzi ukishatoka, kazi ya fundi inaongezeka. Ndege inayosubiri mnunuzi hapa Dar inaliwa na hewa ya chumvi. Tulifunika matundu ya injini, tukaweka vifuko vya kunyonya unyevu, tukatoa betri, na tukawa tunaisukuma ndege kidogo kila wiki ili tairi zisikae upande mmoja. Mkaguzi wa mnunuzi alipokuja, alitumia muda mwingi kwenye makaratasi kuliko kwenye ndege yenyewe, na alikuwa sahihi: kitabu kimoja cha injini kikipotea, bei inaanguka vibaya. Ndiyo maana nawaambia vijana wasinune wakatupa mafaili. Sahihi zilizomo ni zao, na ndizo ushahidi wa uzoefu wao wanapoomba kazi kwingine. Rubani naye aangalie kalenda yake: siku 90 bila kuruka na kutua mara tatu, hawezi kubeba abiria mpaka azifidie.

Kuhusu haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kabla ya kuamua, si baada. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa ukomo wa miaka kumi. Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 kupeleka lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wenzangu wawili walisubiri ahadi za mdomo mpaka siku hizo zikapita.

Yule fundi nilimuuliza fomu yao ya safari ina nini upande wa sababu. Akanyamaza kidogo, akacheka kwa uchungu. Usiku huohuo alimtafuta anayepanga ratiba yao, wakafungua faili jipya, na wakanipigia tuanze pamoja na safari ya Jumanne iliyopita: nani alipanda, alifuata nini, na kwa gari angetumia siku ngapi.