Vyuma viwili ukutani siyo choo cha mtu mwenye ulemavu

Wiki iliyopita niliitwa kuangalia jengo jipya, sitasema lipi, ghorofa nne, lifti ipo, rampu ya mlangoni imekaa vizuri kabisa. Nikauliza choo. Injinia akanijibu kwa uhakika wote, "Dada, hilo wala lisikupe shida, choo cha walemavu tumeweka, kina mpaka vyuma." Jamani. Mimi ni mtu wa tiba kazi, yaani nawafundisha wagonjwa na wenye ulemavu kumudu shughuli zao za kila siku, huu mwaka wa kumi na nne, na hiyo "kina mpaka vyuma" nimeisikia shuleni, nimeisikia stendi, nimeisikia hotelini, nimeisikia mpaka hospitalini kwa wenzangu wa afya. Nimechoka kuijibu kwa mdomo, leo naiandika.

Kwenye gari nilikuwa na wilchea ya mazoezi, nikaishusha, nikakaa, nikamwambia haya kaka twende kwenye choo chako. Mlango sentimita 70, nimepita lakini vidole vimekwaruza fremu pande zote. Ndani sentimita 110 kwa 160. Sinki la choo liko katikati kabisa, kuta mbili huku na huku, kila ukuta na chuma chake cha kushikilia kinang'aa. Nimesogea mpaka magoti yamegusa sinki na magurudumu ya nyuma bado yako mlangoni, kwa hiyo mlango haufungi, na watu wanapita koridoni wanaelekea kwenye lifti. Nikamwambia haya, sasa mimi miguu yangu haina nguvu, nitafikaje pale juu? Akanyamaza.

Hapa nitaenda taratibu kwa sababu ndipo karibu kila mtu anapopakosea. Kwa mtu wa wilchea kazi kubwa chooni ni kuhama, kutoka kwenye kiti kwenda kwenye sinki halafu kurudi, na kurudi ndiko kugumu kwa sababu mikono imeshachoka na suruali iko magotini. Wengi wanahama kwa kando, yaani unasogeza kiti sambamba na sinki, unafunga breki, unachomoa mkono wa kiti wa upande ule, mkono mmoja kwenye chuma cha ukutani, mwingine kwenye kiti, unanyanyua makalio unayavusha. Kwa kuvusha hivyo lazima pembeni ya sinki kuwe na nafasi tupu ambayo kiti kizima kinaingia. Sasa ukijenga ukuta na chuma pande zote mbili umeshaziba njia. Vile vyuma viwili vinamsaidia sana bibi mwenye magoti mabovu anayeingia kwa miguu yake, na yeye ana haki yake, vyuma vyake viwepo, lakini kwa mtu wa wilchea ni sawa na geti lililofungwa. Kwa hiyo vyuma ambavyo mnanionyesha kama ushahidi kwamba choo kipo ndivyo vinavyomzuia asikitumie, na hili nimelieleza kwenye vikao mpaka sauti inakauka.

Vipimo vya Uingereza ambavyo wengi tunaviazima vinasema chumba mita 1.5 kwa 2.2, katikati ya sinki sentimita 50 kutoka ukuta mmoja wenye chuma, upande wa pili wazi na chuma cha kukunja kinachopandishwa na kushushwa, na mduara wa mita 1.5 wa kugeuzia kiti. Mlango ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka ndani akaegemea mlango huwezi kumfikia. Chuma kifungwe kwenye ukuta unaokibeba kweli, Wamarekani wanataka kihimili kama kilo 113, siyo skrubu mbili na plagi za plastiki kwenye tofali lenye uwazi, nimeshakishika cha namna hiyo kikabaki mkononi. Hayo mengine ni ya fundi, yanasomeka, nayapita.

Ila kuna kitu hayo makaratasi ya Ulaya hayajui, na hapa ndipo damu inapochemka. Yameandikwa na watu wanaotumia karatasi. Sisi tunatawaza. Mtu amekaa kwenye sinki, mkono wa kulia umeshika chuma asianguke kwa sababu kiuno hakina balansi, mkono wa kushoto ndio wa kunawia, sasa niambie nani anashika kopo? Nani anafungua bomba ambalo fundi ameliweka nyuma ya bega, karibu na sakafu, pale pale anapoliweka kila nyumba kwa sababu sote tunachuchumaa tukilifikia? Shatafu ikiwepo inatundikwa upande wowote ambao bomba limetokea, hakuna aliyeuliza mkono upi una kazi. Nina kijana aliyepooza kuanzia kifuani, anahama vizuri kuliko wote niliowafundisha, lakini hatumii choo chochote nje ya nyumbani kwao kwa sababu ya bomba. Na akimaliza, beseni la kunawa mikono liko mlangoni, maana yake anarudi kwenye kiti na kusukuma magurudumu kwa mikono ambayo haijanawa, kisha magurudumu yale yale anayashika siku nzima, na kwa mikono hiyo hiyo anakula. Beseni dogo linalofikika ukiwa bado umekaa kwenye sinki la choo linamaliza shida yote hiyo.

Halafu maji yenyewe. Tukishatawaza sakafu imelowa, tunamwagia ndoo, mhudumu anapiga deki anaacha maji. Taili zinazong'aa zikilowa, mpira wa gongo unateleza kama sabuni. Mtu wa magongo ambaye mlangoni mlimhesabu kwamba "huyu anatembea, huyu hana shida" ndiye anayevunjika nyonga.

Na kuna watu ambao kwenye michoro hawapo kabisa, ni wale wanaotambaa. Wilchea nzuri inayomtosha mtu ni ghali, wengi wana ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, ndefu, haigeuki popote, haiingii choo chochote hata mkijenga kwa vipimo vya Uingereza na Marekani vikijumlishwa. Kwa hiyo mtu anaiacha nje, anavaa ndala mikononi, anaingia kwa kutambaa. Fikiria umbali wa uso wake na ile sakafu. Mama mmoja muuza mboga aliniambia anabeba gunia jeupe lililokunjwa mapajani, analitandika mbele, anatambaa juu yake, analivuta, analitandika tena mpaka afike. Kila siku. Mtu akiniuliza usafi wa choo unahusiana nini na ulemavu, namwambia kwa yule mama sakafu kavu ni muhimu kuliko chuma chochote.

Hapo hapo nikiri jambo linalonisumbua. Urefu wa sinki. Kwa kuhama kutoka wilchea, sentimita 45 hadi 48 ni sawa, usawa wa kiti na usawa wa sinki viwe karibu. Nimefundishwa hivyo na nafundisha hivyo. Lakini kwa anayetambaa, sentimita 48 ni ukuta, inabidi ajivute juu kutoka sakafuni na wengine hawawezi, na nimekutana na watu wazima wakanisihi nisiondoe choo cha kuchuchumaa cha chini kwa sababu wanakimudu wenyewe. Nimejaribu kuweka kidaraja katikati, yaani kijukwaa cha sentimita 25 pembeni ya sinki, akapanda hatua mbili. Kimewasaidia baadhi, halafu kikawabania wa wilchea nafasi ya kusogea. Kwa kweli sina jibu moja hapa. Pia kuna kulia na kushoto, mtu aliyepigwa stroku upande wa kulia anahitaji chuma upande wa kushoto, mwenzake kinyume chake, na choo kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili, ndiyo maana penye vyoo viwili vya aina hii vinatakiwa vigeuzwe, kimoja hivi kimoja vile. Mkiniambia bajeti ni ya kimoja tu, nachagua, na najua kuna mtu nimemwacha nje.

Sasa mtu ataniuliza, dada, si abanwe kidogo akajisaidie nyumbani? Hili swali linatoka kwa watu wenye heshima zao kabisa, kwa hiyo nalijibu kitabibu. Aliyeumia uti wa mgongo wengi wao kibofu hakijisikii wala hakijimwagi vizuri, wanatumia katheta, mrija wa kutolea mkojo, ya kuingiza na kutoa, kila baada ya saa 4 hadi 6. Anahitaji mahali pa kukaa, maji safi, sehemu kavu ya kuweka vifaa, mwanga wa kutosha. Akikosa, mkojo unajaa, unarudi nyuma, yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hazikatiki, na figo zinaharibika taratibu. Na kwa aliyeumia juu, kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kibofu kikijaa tu presha inaweza kupanda ghafla, kichwa kinapasuka, jasho linamtoka usoni, na ikiachwa inaleta stroku au kifo. Kwa huyu mlango wa choo uliofungwa ni dharura ya hospitali, na watu wazima wenye akili zao bado wananijibu kwamba ufunguo anao Mwajuma na Mwajuma ametoka kula.

Wanachofanya wenyewe ni kuacha kunywa maji. Wote. Muulize yeyote mwenye ulemavu aliyepanda basi kwenda Mwanza atakwambia maji aliacha tangu jana yake mchana. Kondakta akitangaza kuchimba dawa, abiria wanashuka, wanaume huku wanawake kule vichakani, dakika kumi tunaondoka. Yeye anabaki kwenye siti anaangalia dirishani. Wasichana wakiwa kwenye siku zao hawasafiri kabisa, hawaendi shule, hawaendi interviu, na sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba hawakujitokeza.

Halafu watoto wakubwa. Kuna kundi ambalo hata choo changu kizuri cha mita 1.5 kwa 2.2 hakiwasaidii, wale wenye mtindio wa ubongo mkali, wenye mgongo wazi, ambao hawakai wenyewe na wanabadilishwa pampasi wakiwa wamelala. Meza ya kubadilishia mtoto mchanga inabeba mtoto mchanga. Kijana wa miaka 15 analazwa wapi? Nimemkuta mama kwenye choo cha stendi, amelipia shilingi 300, ametandika kanga mbili sakafuni pale pale penye maji, amemlaza binti yake mkubwa kuliko yeye, anamgeuza peke yake huku amemshikilia kichwa kwa mguu kisigonge sinki. Binti alikuwa anaangalia juu, analia bila sauti, anaelewa kila kitu. Kule Uingereza familia kama hizi ziliungana na mashirika ya watu wenye ulemavu, mwaka 2006 wakaanzisha kampeni ya Changing Places, wakadai chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kitanda cha mtu mzima kinachopanda na kushuka, winchi ya darini ya kumnyanyua mtu, sinki lenye nafasi pande zote mbili za msaidizi, na pazia. Ikawachukua karibu miaka 15 hadi kanuni za ujenzi za England kuvilazimisha kwenye majengo makubwa mapya ya umma, kuanzia Januari 2021. Winchi kwetu sina uhakika nayo, umeme ukikatika na fundi wa kuihudumia hayupo itaning'inia pale kama chuma chakavu. Lakini kitanda? Kitanda imara cha mita 1.8, kava la plastiki linalofutika, mlango unaofunga, hicho fundi seremala wa mtaani anakitengeneza kwa siku mbili, stendi yoyote kubwa inaweza kuwa nacho mwezi huu.

Tusiambiane kwamba sheria haipo. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, kifungu cha 9 kinahusu hasa kufikika kwa majengo na huduma, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010. Mashuleni kila mwalimu anakutajia uwiano wa matundu ya choo bila kufungua kitabu, tundu moja wasichana 20, tundu moja wavulana 25. Ukaguzi unahesabu matundu. Hakuna anayeingia na mtoto wa wilchea akasubiri nje aone kama atatoka mwenyewe, na choo cha watoto wenye ulemavu ukikifungua unakuta mafagio, ndoo, madawati mabovu na mitihani ya zamani.

Nirudi kwa yule injinia, kwa sababu alinisikiliza mpaka mwisho na wengi hawafanyi hivyo. Pembeni ya kile choo kulikuwa na stoo. Amekubali kuvunja ukuta wa katikati, mlango anaupanua ufunguke nje, chuma cha upande mmoja kinatolewa. Jumatano narudi pale na watu watatu, mmoja wa wilchea, mmoja wa magongo, na yule mama muuza mboga na gunia lake, wao ndio watakaosema bomba likae wapi kabla fundi hajafukia paipu. Kuhusu urefu wa sinki bado hatujaelewana.