Rwanda haipimwi kwa rula

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mwanza alinitumia orodha ya sehemu tisa. Yeye, mumewe na watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa kumi na miwili, walitaka kuzizungukia zote kwa siku tano wakiwa na gari lao. Akagera, Kigali, sokwe wa Musanze, maziwa pacha ya Burera na Ruhondo, Rubavu, Karongi, Nyungwe, Huye na Nyanza. Chini yake akaandika: "Kaka, nchi yenyewe ndogo, si tutamaliza?"

Namwelewa. Rwanda ina kilometa za mraba 26,338, na Mkoa wetu wa Tabora peke yake unaizidi karibu mara tatu. Ukiweka rula juu ya ramani, kutoka Kigali hadi Ziwa Kivu ni urefu wa kidole. Lakini nimepeleka familia na vikundi vidogo Rwanda kutoka Kanda ya Ziwa kwa miaka kadhaa sasa, na kabla ya hapo nilifundisha jiografia sekondari. Safari nyingi nilizoziona zikiharibika, ziliharibikia kwenye rula hiyo hiyo. Watu walifika kila mahali, siku zikaishia garini, wakarudi nyumbani na picha za mageti.

Nikamjibu: "Dada, hiyo orodha tuiweke pembeni kidogo. Nikueleze kwanza ardhi yenyewe ilivyokaa, halafu utachagua mwenyewe."

Ukiingia Rwanda kwa upande wetu, mashariki, uko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni nyika ya migunga na madimbwi, joto lake halitofautiani sana na la Karagwe. Kigali iko juu kidogo, mita 1,500 na kitu. Kutoka hapo nchi inaendelea kupanda kuelekea magharibi, kilima juu ya kilima, mpaka kwenye kigongo kirefu kinachokata nchi kutoka kaskazini hadi kusini, ambacho sehemu zake za juu hupita mita 2,500. Halafu inaporomoka ghafla hadi Ziwa Kivu, mita 1,460. Kaskazini kuna volkano za Virunga, na Karisimbi, mrefu kuliko yote, una mita 4,507. Kona ya kusini magharibi kuna bonde la Bugarama, chini ya mita 1,000, watu wanalima mpunga na jasho linawatiririka.

Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka nyuzi sita hivi. Mvua nayo hufuata mwinuko. Akagera kwa mwaka haipati milimita 1,000, Nyungwe huvuka 1,800. Ndiyo maana saa chache za barabara zinakutoa kwenye nyasi za pundamilia hadi kwenye msitu ambao majani yake yanadondosha maji hata siku isiyo na mvua. Nchi hii utofauti wake uko wima. Kwa hiyo nikipanga safari Rwanda, kilometa naziangalia mwisho. Kwanza nahesabu ni mara ngapi gari litapanda na kushuka.

Barabara zenyewe ni nzuri, lami safi, mitaro imezibuliwa. Shida ni kona. Mabasi ya abiria yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilometa 60 kwa saa, kamera zimejaa njiani, na hata ungeruhusiwa kukimbia, milima isingekuruhusu. Kigali hadi mji wa Rusizi, kona ya kusini magharibi, kwenye ramani ni karibu sana. Garini ni saa sita. Nimewahi kukaa kando ya barabara ndani ya Nyungwe na mtoto wa miaka saba aliyetapika mara tatu toka Huye. Mama yake anampa maji kwa kifuniko cha chupa, baba ameshika ratiba mkononi anatafuta cha kufuta. Siku ile tulifuta sehemu mbili, na jioni wazazi wakaniambia ndiyo siku waliyopumua.

Sasa, utachaguaje? Mimi hutafuta uzi mmoja unaoziunganisha sehemu, ili kila unapofika ukueleze ulipotoka. Kwa mtu wa Mwanza uzi huo upo tayari, nao ni maji.

Yale maji yanayopiga mawe ya Bismarck pale Mwanza, sehemu yake imetoka Nyungwe. Huanza kama vijito vya msituni, vikawa mto Rukarara, ukaingia Nyabarongo, ambao unazunguka nchi na kupita chini ya vilima vya Kigali ukiwa na rangi ya udongo. Unageuka Akagera, unapita maporomoko ya Rusumo, pale mpakani, unaingia kwetu kwa jina la Kagera na kumwagika Ziwa Victoria. Wapo wavumbuzi waliofuata chanzo cha mbali kabisa cha Nile wakafika kwenye chemchemi za Rukarara. Kwa hiyo familia ya Mwanza ikiingia Rusumo na kwenda hadi Nyungwe, inapanda na mto wake yenyewe.

Nilipomwandikia hivyo, mama yule alikaa kimya siku mbili, kisha akaleta orodha mpya. Amekata Musanze, maziwa pacha, Rubavu na Huye. Ameongeza siku mbili.

Musanze niliikata naye kwa sababu nyingine pia. Kuwatazama sokwe wa milimani, yaani gorila, kunataka umri wa miaka 15 na kuendelea, na watoto wake hawajafika. Kibali kwa mgeni wa kimataifa ni dola 1,500 tangu mwaka 2017, saa moja na sokwe, kundi la watu wasiozidi wanane. Raia wa Afrika Mashariki tunayo bei yetu nafuu kuliko hiyo, uliza kabla hujakata tamaa. Lakini hata kwa watu wazima, ushauri wangu ni kwamba kaskazini ipewe safari yake: sokwe, mlima Bisoke na ziwa lake juu kileleni, Burera na Ruhondo. Ukiichomeka katikati ya Nyungwe na Akagera, itabidi upande na kushuka nchi nzima mara mbili kwa ajili ya saa moja, na utaifikia saa hiyo umechoka.

Akagera ilitaka mjadala. Aliniuliza, na ni swali la haki: mtu mwenye Serengeti mlangoni anafuata nini kule? Kama ni wanyama kwa wingi, hafuati kitu. Akagera ilianzishwa mwaka 1934, na mwaka 1997 zaidi ya nusu ya eneo lake likagawiwa kwa watu waliorudi nchini baada ya vita. Simba wakaisha, faru wakaisha. Simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, faru weusi 18 mwaka 2017, na leo ukiwaona unaona kitu kilichorudishwa kwa mikono ya watu. Ila kinachonipeleka mimi ni maji tena: mlolongo wa maziwa na matete ambamo mto Akagera unatanuka na kupunguza mwendo. Panda boti Ziwa Ihema saa za asubuhi. Viboko wanapumua karibu, mamba wamelala midomo wazi, na mnandi wanakausha mbawa juu ya mti mkavu uliopaushwa na kinyesi chao. Usiku mmoja unatosha. Na anayetoka Rusumo haendi mbali, kwani njia ya geti la kusini inachepuka Kabarondo, kabla hata hujafika Kayonza. Wanaopitiliza hadi Kigali kwanza ndiyo wanaorudi nyuma saa mbili na nusu.

Kigali nawapa siku nzima na nawaomba wasiijaze. Makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, si mahali pa kupitia kati ya chakula cha mchana na maduka. Wazazi wenye watoto wadogo nawashauri waingie kwa zamu, mmoja abaki na watoto. Jioni waende Nyamirambo, wale mishikaki, wasikie Kiswahili cha mtaa. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini Nyamirambo kilikuwepo siku nyingi, kwenye misikiti, gereji na vibanda vya chai. Jambo moja la kukumbuka: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, asubuhi magari hayatembei. Usipange kusafiri saa hizo.

Kusini, kati ya Huye na Nyanza, alichagua Nyanza kwa ajili ya watoto. Ikulu ya zamani ya mwami, yaani mfalme, iko pale, pamoja na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu ambao watunzaji wao huwaimbia. Mtoto wa Kisukuma aliyekulia kwenye ng'ombe atasimama pale muda mrefu kuliko anavyotarajia baba yake.

Halafu Nyungwe, siku mbili, na hapa ndipo sikubali punguzo. Msitu una kilometa za mraba 1,019, umeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Watu huja kwa sokwemtu, mbega na lile daraja la kuning'inia la Uwinka, urefu wa mita 160 hivi, ukitembea usawa wa vilele vya miti. Mimi nawasimamisha juu ya kile kigongo kinachokata nchi, ambacho kinapita humu msituni. Tone la mvua likianguka mashariki ya hapo litakwenda Mwanza, Jinja, Khartoum, mpaka Bahari ya Kati. Likianguka magharibi litashuka Kivu, litoke kwa mto Rusizi, liingie Tanganyika, lipite Lukuga kwenda mto Kongo na Atlantiki. Nafasi kati ya matone hayo mawili inaweza kuwa hatua chache. Kigongo kiliinuliwa pale ardhi ilipopasuka kutengeneza Bonde la Ufa. Na Kivu, ambalo zamani maji yake yalielekea kaskazini, lilizibwa na volkano likatafuta njia ya kusini. Kwa lugha nyingine, maji ya Kivu siku hizi ni jirani wa Kigoma. Nimesimama hapo na wanafunzi, na wavuvi wastaafu, na bibi mmoja wa Bukoba, wote hutazama chini ya miguu yao kwanza.

Kivu ni pa kupumzikia. Kutoka Nyungwe barabara ya Nyamasheke inafuata ukingo wa ziwa hadi Karongi, kona juu ya kona, kwa hiyo msipange kitu kingine siku hiyo. Jioni mkae ufukweni. Mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa magogo, miti mirefu ya kushikia nyavu imechomoza mbele na nyuma kama sharubu, na wavuvi wanapiga kasia wakiimba ili wote wavute pamoja. Giza likiingia huwasha taa kuvuta sambaza, samaki wadogo jamaa wa dagaa walioletwa humo kutoka Tanganyika katikati ya karne iliyopita. Waagizeni wa kukaanga, na limau.

Msimu: nimewapa Julai. Kiangazi kirefu huanza Juni hadi katikati ya Septemba, njia za msituni zinapitika na miteremko imekauka. Machi hadi Mei siwapeleki watu magharibi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliporomosha vilima upande ule, watu zaidi ya 130 wakafa. Mteremko unaopendeza kwenye picha ndio huo unaolala juu ya nyumba za watu.

Wanalala Ngara siku ya kwanza ili wavuke mpaka mapema. Nimemkumbusha mumewe kwamba ng'ambo ya pili magari yanapita kulia, aende taratibu kilometa za mwanzo. Na saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu: wakifika Rusumo saa nne asubuhi, upande wa pili ni saa tatu. Hiyo saa moja waliyozidishiwa nimewaomba wasiikimbize. Waulize pa kuegesha, wateremke wote wanne, wasimame wautazame mto unavyoanguka, unakwenda kwao.