Celebration Bowl: mechi moja, na pointi iliyopotea kwa kuvua helmeti

Kila Desemba bingwa wa ligi ya MEAC na bingwa wa ligi ya SWAC hukutana Atlanta, kwenye Celebration Bowl. Anayeshinda huhesabiwa bingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani kwa upande wa HBCU, yaani vyuo vilivyoanzishwa kuwasomesha Wamarekani Weusi enzi vyuo vingine vilipowafungia milango. Mechi ya kwanza ilipigwa 2015 Georgia Dome, na North Carolina A&T wakaifunga Alcorn State 41-34. Tangu 2017 inachezwa Mercedes-Benz Stadium.

Wageni wa mchezo huu hushangaa: vyuo hivi viko FCS, ngazi ya chini ya daraja la kwanza la futiboli ya vyuo, na FCS ina mtoano wake wa timu 24. Kwa nini mabingwa hawa wasiingie huko? Sababu ya kwanza ni kalenda. Mtoano huanza wikiendi ya sikukuu ya Thanksgiving, mwisho wa Novemba, na wikiendi hiyohiyo Grambling na Southern, timu mbili za SWAC, wanakutana New Orleans kwenye Bayou Classic, mechi ambayo watu huipangia safari mwaka mzima. Baada yake SWAC wana fainali yao ya ndani mwanzoni mwa Desemba. Huwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Sababu ya pili ni fedha: Celebration Bowl ilipoanzishwa kila ligi iliahidiwa takriban dola milioni 1, na MEAC wakaachia nafasi yao ya moja kwa moja kwenye mtoano ili bingwa wao aende Atlanta. Kwa maoni yangu walichagua vizuri. Mechi moja inayoonyeshwa nchi nzima kupitia televisheni ya ABC inavitangaza vyuo hivi kuliko raundi ya kwanza ugenini, mbele ya majukwaa yenye watu wachache.

Njia za kufika Atlanta hazifanani. SWAC ina timu 12 katika kanda mbili, mashariki na magharibi; vinara wa kanda hukutana kwenye fainali, na mwenye rekodi bora ndiye mwenyeji. MEAC imebaki na timu 6 tu, kwa hiyo kila timu ina mechi 5 za ligi na fainali hakuna. Hapo ndipo utata unapozaliwa. Mwaka 2022 Howard na North Carolina Central walimaliza sawa, ushindi 4 na kipigo 1. Wote wakaitwa mabingwa, lakini Central ndio waliokwenda Atlanta kwa kuwa waliifunga Howard walipokutana. Mwaka uliofuata wakalingana tena vilevile, safari hii Howard akiwa ndiye aliyeshinda mechi yao, akaenda yeye. Central wakaitwa kwenye mtoano wa FCS kwa mwaliko, wakatolewa raundi ya kwanza na Richmond. Ukifuatilia MEAC, basi, usiangalie jedwali peke yake. Angalia nani alimfunga nani.

Neno “bingwa wa HBCU” nalo lina pengo ambalo halifai kufichwa. North Carolina A&T walitwaa taji hili mara 4 (2015, 2017, 2018 na 2019), lakini waliihama MEAC 2021 na sasa mlango umefungwa kwao, hata wakishinda kila mechi. Hampton na Tennessee State nao wako nje kwa kuwa hawamo MEAC wala SWAC, na vyuo vya HBCU vya ligi za CIAA na SIAC viko daraja la pili lenye mtoano wake. Florida A&M nao waliihama MEAC mwaka huohuo, ila wakaenda SWAC, na 2023 wakabeba kombe kwa kuifunga Howard 30-26.

Mechi inayofundisha kuliko zote ni ya 2016. Grambling State walikuwa mbele 10-3 dhidi ya North Carolina Central. Zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde kidogo, Central wakafunga tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, pointi 6, ikawa 10-9. Baada ya tachidauni timu hupewa jaribio moja: teke kati ya nguzo kwa pointi 1, au kuuingiza mpira tena kwa pointi 2. Kwa kawaida mpira wa teke huanzishwa yadi ya 3 kabla ya eneo la mwisho. Jumlisha yadi 10 za eneo la mwisho, maana nguzo zimesimama nyuma yake, na kama yadi 7 nyuma ya mstari, anapopiga goti mchezaji anayeushika mpira ili upigwe: teke la yadi 20, ambalo mpigaji wa chuo hulikosa kwa nadra.

Lakini mfungaji alivua helmeti akiwa bado uwanjani. Kanuni haina huruma hapo: utovu wa nidhamu, yadi 15, na mpinzani ndiye anayeamua adhabu itumike kwenye jaribio au kwenye teke la kuanzisha mchezo. Ikatumika kwenye jaribio. Yadi ya 3 ikawa ya 18, teke la yadi 20 likawa la 35. Kujaribu pointi 2 kutoka yadi 18 ni kubahatisha, kwa hiyo ilibidi wapige. Teke la karibu unaweza kuliinua mapema. La mbali inabidi ulilaze kidogo ili lifike, na mpira hupita chini zaidi, karibu na mikono ya walinzi wanaoruka. Mkono mmoja wa Grambling ukaugusa. Upepo haukuwamo, Georgia Dome ilikuwa na paa. Grambling 10, Central 9.

Ya 2022, Jackson State dhidi ya North Carolina Central, ilikwenda muda wa nyongeza. Jackson State ya kocha Deion Sanders ilikuwa haijafungwa msimu mzima, na mchezaji wao Travis Hunter alidaka tachidauni kwenye shambulio la mwisho la dakika za kawaida, wakasawazisha 34-34. Muda wa nyongeza wa vyuo hautumii saa: kila timu hupewa mpira yadi 25 kutoka mstari wa mpinzani. Central wakafunga na kupiga teke, 41. Jackson State wakashindwa kujibu.

Mchezo huanza kwa kawaida saa 6 mchana wa Atlanta, sawa na saa 2 usiku Nairobi na Dar es Salaam. Mapumziko yakifika usiondoke kwenye kiti. Bendi za vyuo vyote viwili huingia uwanjani na matarumbeta, ngoma na wachezaji dansi, na mashabiki wengi wa HBCU hununua chakula mchezo ukiendelea ili wasikose hata wimbo mmoja.