Star Wars mpya na za zamani: yanayosemwa na ukweli wake

Tangu The Force Awakens ilipoingia kwenye majumba ya sinema Desemba 2015, mashabiki wa Star Wars, mfululizo wa filamu za vita vya anga za juu, tumekuwa na ubishi usiokwisha: ipi bora kati ya zile tatu mpya (The Force Awakens, The Last Jedi na The Rise of Skywalker), nani aliiharibu hadithi, na kama Disney walistahili kukabidhiwa mali hii walipoinunua Lucasfilm, kampuni ya George Lucas aliyeianzisha Star Wars, mwaka 2012. Kubishana ni sehemu ya raha ya kupenda kitu. Kinachoniuma ni kwamba hoja nyingi zimejengwa juu ya mambo ambayo hayakutokea, au juu ya takwimu zisizopima kile tunachodhani zinapima.

"Watazamaji waliichukia The Last Jedi wakaipenda The Rise of Skywalker. Asilimia zipo."

Hii ndiyo hoja inayorudiwa kuliko zote. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki na watazamaji wa filamu, alama ya watazamaji kwa The Last Jedi (2017) imevuka asilimia 40 kwa kidogo tu, ilhali The Rise of Skywalker (2019) ina 86. Ukiziweka hivyo bega kwa bega, unaona kesi imekwisha.

Lakini alama hizo hazikukusanywa kwa njia moja. Mwaka 2017 yeyote aliyejisajili aliweza kutoa alama, awe ameiona filamu au hajaiona. Mei 2019 tovuti ikabadili utaratibu, na alama inayotangulizwa ikawa ya watu waliothibitishwa kwamba walinunua tiketi. The Rise of Skywalker ilitoka Desemba ya mwaka huohuo, chini ya utaratibu mpya. Kwa hiyo tunalinganisha kura iliyokuwa wazi kwa kila mtu na kura ya waliolipa kiingilio, kisha tunadai tofauti yote imetokana na ubora wa filamu.

Kuna kipimo kingine kilichobaki vilevile kwa filamu zote tatu. Kampuni ya CinemaScore huwauliza watazamaji wa Marekani maoni yao siku ya kwanza ya filamu, wakiwa palepale kwenye jumba la sinema. The Force Awakens ilipata A. The Last Jedi ikapata A. The Rise of Skywalker ikapata B+. Hilo halina maana kwamba walioichukia The Last Jedi hawakuwepo. Walikuwepo, ni wengi, na baadhi yao walitoka ukumbini wameumia kweli. Ila kudai kwamba watazamaji wote kwa jumla waliikataa ni kuwasemea watu ambao hawakusema hivyo.

Zile asilimia za wahakiki nazo hutumiwa vibaya. The Last Jedi ina 91, lakini hizo si maksi 91 kati ya 100. Maana yake ni kwamba wahakiki 91 katika kila 100 waliipitisha, hata kama wengine waliipitisha shingo upande. Filamu ambayo kila mtu anaiona ya wastani inaweza kuipita kwa asilimia filamu iliyoabudiwa na wengi na kuchukiwa na wachache.

"Rian Johnson ndiye aliyemgeuza Luke kuwa mtu aliyekata tamaa."

Luke Skywalker ndiye shujaa wa filamu za zamani, na Johnson ndiye aliyeandika na kuongoza The Last Jedi. Lakini itazame tena The Force Awakens, iliyoongozwa na J.J. Abrams. Humo Han Solo, rafiki wa Luke, anawasimulia vijana Rey na Finn kwamba Luke alikuwa akifundisha kizazi kipya cha Jedi (wapiganaji wa panga za mwanga), mwanafunzi mmoja akamgeuka na kuangamiza kila kitu, Luke akajiona ndiye mwenye lawama, akaacha yote na kuondoka. Filamu inaishia Luke akiwa peke yake kisiwani, wakati Han ameshauawa na dada yake, Leia, yuko vitani. Johnson alipopewa kalamu, Luke alikuwa ameshajitenga. Na hata kabla ya Abrams, michoro ya maandalizi ya mwaka 2013 ilimwonyesha Luke mzee aliyejificha mbali na watu.

Swali lililobaki kwa Johnson lilikuwa moja: mtu kama Luke anaondokaje? Jibu lake, kwamba aliwasha upanga wa mwanga juu ya mpwa wake aliyelala, yuleyule mwanafunzi aliyemgeuka, kisha akaona aibu, unaweza kulikataa. Mark Hamill mwenyewe, anayemwigiza Luke, alisema hadharani kwamba hakukubaliana nalo, kisha baadaye akajutia kuyatoa mashaka hayo nje. Mimi nalikubali jibu lile, kwa sababu Luke wa Return of the Jedi (1983) alimshambulia baba yake, adui mkuu Darth Vader, kwa hasira hadi akamkata mkono, ndipo akajizuia. Udhaifu ule ni wake tangu zamani. Ukitaka kumlaumu mtu kwa kumtenga Luke na wenzake, mlaumu pia aliyempeleka kisiwani.

"George Lucas alikuwa na mpango kamili, Disney walibahatisha."

Nusu ya pili ina ukweli ndani yake. Hakuna aliyeandika filamu hizi tatu kwa pamoja tangu mwanzo. Nusu ya kwanza haisimami. Rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back, filamu ya pili ya zamani, iliyoandikwa na Leigh Brackett mwaka 1978, inamleta baba yake Luke kama mzimu, na Darth Vader ni mtu mwingine kabisa. Brackett alifariki Machi mwaka huo, na ni katika rasimu zilizofuata ndipo Lucas alipomfanya Vader kuwa baba. Hata maneno ya kuitambulisha filamu ya 1977 kama sehemu ya nne hayakuwemo ilipotoka. Yaliongezwa iliporudishwa kwenye sinema mwaka 1981.

Tofauti naiona kwingine. Filamu za mwanzo zilitoka 1977, 1980 na 1983, na neno la mwisho lilikuwa la mtu mmoja hata pale alipowakabidhi wengine kazi ya kuongoza. Hizi mpya zilipishana kwa miaka miwili tu. Carrie Fisher, mwigizaji wa Leia, alifariki tarehe 27 Desemba 2016, na filamu ya tisa, ambayo Leia alitarajiwa kuibeba, ikalazimika kutumia vipande vyake vya video vilivyobaki kutoka The Force Awakens. Septemba 2017 Colin Trevorrow, aliyekuwa aiongoze, akaachana nayo. Abrams akarudishwa kuandika upya, na tarehe ya kutoka ikasogezwa kutoka Mei hadi Desemba 2019. Haraka ile inaonekana kwenye skrini: wahusika wanakimbizwa kutoka sayari moja hadi nyingine bila nafasi ya kuvuta pumzi.

"The Last Jedi ilifeli sokoni, ndiyo maana filamu ya Solo ikaanguka."

The Last Jedi iliingiza takriban dola bilioni 1.33, na hakuna filamu iliyoipita duniani mwaka 2017. Ilishuka kutoka bilioni 2.07 za iliyoitangulia, kweli, lakini filamu ya pili katika kila kundi la Star Wars imeshuka hivyo. The Phantom Menace ilipata takriban milioni 924 mwaka 1999. Attack of the Clones ikapata kama milioni 650 mwaka 2002.

Solo kuishia kwenye milioni 392 au zaidi kidogo ni habari nyingine. Waongozaji wake wawili waliondolewa katikati ya upigaji picha, Ron Howard akapiga upya sehemu kubwa na gharama zikapanda. Ikatoka Mei 2018, miezi mitano tu baada ya The Last Jedi, wakati Avengers: Infinity War na Deadpool 2 bado zinajaza kumbi.

"Filamu za 1999 hadi 2005 ni kompyuta tupu, hizi mpya ni vitu halisi."

The Phantom Menace ilitumia modeli nyingi zilizoundwa kwa mikono. Umati wa watazamaji kwenye mashindano ya mbio ulitengenezwa kwa vijiti vya pamba vya masikioni vilivyopakwa rangi. The Force Awakens, pamoja na roboti BB-8 wake wa kuundwa na seti zake za kweli, ina zaidi ya vipande 2,000 vya video vilivyopitia kwa mafundi wa kompyuta.