Mbwa akikungurumia hatafuti kukupindua ndani ya nyumba yako

Juzi kati baba mmoja alituletea kliniki dume lake la ulinzi, chotara mkubwa, kamfunga mdomo kwa kamba ya kiatu, na kabla hata hajakaa akasema dokta huyu mbwa anataka kunipindua. Ndo neno alilotumia, kunipindua. Nikamuuliza imeanza lini, akasema kama mwezi na nusu, ukimshika kichwani ananguruma, akiwa anakula ukipita karibu na sufuria yake ananguruma, sasa akamtafuta jamaa anayefundisha mbwa mtaani kwao akaambiwa tatizo mbwa hajui bosi ni nani, kwahiyo kila akinguruma mlaze chali, mkabe shingoni, mkazie macho mpaka alegee. Baba akafanya hivyo wiki tatu na kweli mbwa akaacha kunguruma, nyumba nzima ikafurahi. Halafu asubuhi moja mtoto wa miaka saba akampapasa kichwani na mbwa akamng'ata mkono bila hata sauti moja.

Tulipomchunguza tukakuta sikio la kushoto limeoza ndani, usaha na harufu ambayo ukiisikia huisahau. Mbwa alikuwa anaumwa. Ile kunguruma ilikuwa inasema usiniguse hapo, naumia, na hiyo sauti ndo tuliyomfundisha aache.

Nimeamua kuandika hili kwa sababu sio kesi moja, karibu kila wiki namsikia mtu anasema mbwa wangu ana ubabe, ananipima, anataka kuwa alfa, yaani bosi wa kundi. Hilo neno alfa limeenea mno kwenye video za simu na watu wengi hawajui limetoka wapi.

Limetoka kwa mbwa mwitu. Hapa niweke sawa kitu kimoja maana Kiswahili chetu kinatuchanganya, sisi mbwa mwitu tunamwita hata yule mwenye madoa na masikio ya duara wa Ruaha na Nyerere, ila huyo ni mnyama mwingine kabisa, ninayemsema hapa ni yule wa kijivu wa Ulaya, Asia na Marekani Kaskazini ambaye mbwa wetu wa nyumbani ametokana na ukoo wake. Mwaka 1947 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Schenkel, alichapisha uchunguzi wake juu ya mbwa mwitu waliokuwa kwenye zoo ya Basel. Wamefungiwa pamoja sehemu ndogo, hawana pa kukimbilia, na akaona wanagombana sana na wanapangana nani juu nani chini, dume mkubwa na jike mkubwa. Baadaye Mmarekani L. David Mech akaandika kitabu mwaka 1970 kuhusu mbwa mwitu, kikasomwa sana, na neno alfa likatoka humo likaenda kwa wafundishaji wa mbwa, wakasema basi kama mbwa mwitu wanapigania cheo na mbwa wako nae anapigania cheo na wewe.

Sasa Mech huyohuyo kuanzia 1986 alikuwa anaenda kisiwa cha Ellesmere kule kaskazini kabisa mwa Kanada, kila kiangazi, anakaa karibu na kundi la mbwa mwitu walio huru, akakuta kundi ni familia tu. Baba, mama na watoto wao wa mwaka huu na wa miaka iliyopita. Wakubwa wanaongoza kwa sababu ni wazazi, hawakupigana na mtu kupata hiyo nafasi, na watoto wakikua wanaondoka wanatafuta wenza wanaanzisha kwao. Mwaka 1999 akaandika wazi kwamba kumwita mzazi wa namna hiyo alfa ni kupotosha, na akahangaika miaka mingi kile kitabu chake cha zamani kisiendelee kuchapishwa mpaka 2022 mchapishaji akakiacha. Mi namheshimu sana kwa hilo. Ni wanasayansi wachache wanaotumia nusu ya maisha yao kurekebisha kitu kilichowapa jina.

Ila nisiwadanganye kwamba mjadala umekwisha, haujaisha, na kuna watu wanasema kwa haraka eti mbwa hawana vyeo kabisa, hiyo nayo sio kweli. Mwaka 2009 John Bradshaw na wenzake wa Bristol, Uingereza, walihoji kama hili wazo la ubabe linasaidia chochote kuelewa mbwa wa nyumbani au ni mazoea mabaya tu, wakasema mengi tunayoyaita ubabe ni mbwa mmoja amejifunza kwamba na fulani nikifanya hivi napata na fulani nikifanya hivi naumia. Mwaka 2014 wataalamu wa Uholanzi wakawajibu, wakasema hapana, ukiangalia kundi la mbwa utaona nani anashusha mkia na kujinyenyekeza kwa nani na mpangilio unaonekana. Na Roma, kwa mbwa wanaozurura bila mwenyewe, Waitaliano nao waliuona huo mpangilio, tena wakaona kitu kizuri sana, mbwa anayefuatwa na wenzake wakianza safari mara nyingi ni yule mwenye umri ambaye wenzake wanamsalimia kwa unyenyekevu wakiwa wametulia, sio yule mgomvi.

Kwahiyo mbwa kwa mbwa, sawa, vyeo vinaweza kuwepo. Lakini kutoka hapo kuja kusema mbwa anamwona baba mwenye nyumba kama mpinzani wa cheo, huo ni mruko mkubwa. Na hata kama angekuona mpinzani, bado swali linabaki, kumkaba kunaleta nini?

Hilo limepimwa. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza wamiliki 140 waliokuja kliniki yao ya tabia za mbwa, umewahi kumfanyia nini na akajibu vipi. Kwa waliowahi kupiga au kupiga teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kumngurumia mbwa na wewe, 41. Kumlaza chali kwa nguvu, 31. Kumkazia macho, 30. Ni kweli hao mbwa walikuwa na matatizo tayari ndo maana walikuwa kliniki, sio kila mbwa, ila si ndo haohao watu wanaambiwa wawakabe? Na mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichunguza mbwa 92 kwenye shule za mafunzo, wale waliofundishwa zaidi kwa kuvutwa, kukaripiwa na kuadhibiwa walionyesha dalili nyingi za msongo na homoni ya msongo kwenye mate yao ilipanda baada ya somo kuliko wale waliofundishwa kwa kuzawadiwa.

Mbwa hafiki kung'ata kwa hatua moja. Kwanza anageuza uso, analamba midomo na chakula hakipo, anapiga miayo na usingizi hana, anakaza mwili, anaonyesha weupe wa jicho, halafu ndo ananguruma, halafu anakenua meno. Ukimwadhibu akinguruma hujaondoa maumivu wala hofu, umeondoa kengele tu. Nawaomba sana wazazi, mtoto afundishwe mbwa akinguruma simama, usimkimbie, rudi nyuma polepole umwite mkubwa.

Na kwetu hapa kuna jambo linanikosesha usingizi, kichaa cha mbwa. Dunia nzima kinaua watu kama 59,000 kwa mwaka, mbwa wanahusika kwenye karibu asilimia 99 ya maambukizi ya watu, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaoumia. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, jana mpole leo mkali, anaweza kuwa na kichaa, na wewe kwa sababu umeambiwa ni ubabe unaenda kumlaza chali uso kwa uso na mate yake yanakudondokea. Usifanye hivyo hata siku moja. Mtenge bila kumshika, piga simu kwa daktari wa mifugo, na mtu aking'atwa osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kisha kimbia hospitali siku hiyohiyo kwa sindano, hata kama kidonda ni mchubuko, maana dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona.

Watu huniuliza, kwahiyo dokta mbwa wa ulinzi aachwe tu afanye anavyotaka? Hapana. Sheria ziwepo, asubiri kabla geti halijafunguliwa, akae kabla hajapewa chakula, akifanya vizuri apate kipande cha nyama palepale, sio baada ya dakika tano maana hataelewa amelipwa kwa lipi. Na anayelinda sufuria yake usimnyang'anye kumwonyesha bosi ni nani, unamthibitishia tu kwamba ni kweli mtu akikaribia chakula kinaondoka. Pita mbali, mrushie kitu kitamu kuliko ugali wake, ondoka, kesho tena, siku zinavyoenda sogea kidogo, mpaka akiona unakuja atingishe mkia.

Yule dume tulimsafisha sikio akiwa amelazwa kwa dawa, akapewa matone ya wiki mbili, na kwa kuwa alikuwa na chanjo yake tukamweka siku 10 za uangalizi huku mtoto akiendelea na sindano hospitali. Sikio limepona. Lakini mkono ukimjia juu ya kichwa bado anaganda bila sauti, na hilo ndo tunahangaika nalo sasa, tunamgusa bega, tunampa kipande cha ini, tunaacha. Wiki iliyopita baba yake alinipigia simu kanishangaza, anasema dokta leo amenguruma tena, nikamwambia vizuri sana, ulifanya nini, akasema nilitoa mkono.