Si kweli kwamba Osimhen alitua Ulaya na kuanza kufunga

Mashabiki wengi husimulia safari ya mshambuliaji wa Nigeria Victor Osimhen hivi: kijana wa Lagos alifunga mabao 10 katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Chile mwaka 2015, akabeba kiatu cha dhahabu (tuzo ya mfungaji bora), Nigeria ikatwaa ubingwa, kisha Ulaya ikampokea kama nyota. Sehemu ya Chile ni kweli kabisa. Kilichofuata sicho.

Alijiunga na Wolfsburg ya Ujerumani Januari 2017. Majeraha yalimwandama, na nafasi alizopata zilikuwa chache. Aliondoka bila bao hata moja kwenye Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Hata moja! Kiangazi cha 2018, huku malaria ikiwa imemdhoofisha, alikwenda kujaribiwa Ubelgiji. Zulte Waregem na Club Brugge zote zikamkataa. Huyu ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa dunia kwa umri wake miaka mitatu tu nyuma.

Charleroi, klabu ya kawaida kabisa nchini humohumo, ndiyo iliyomchukua kwa mkopo. Akaifungia mabao 20 msimu huo. Kwangu mimi, hapo ndipo Osimhen tunayemjua alipozaliwa, kwa sababu hatimaye alipewa dakika za kutosha kila wiki. Lille ya Ufaransa ikamnunua 2019, Napoli ya Italia ikafuata 2020, na mwaka 2023 akawa bingwa na mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia.

Basi kinda akikaa benchi msimu mzima, tusikimbilie kusema kipaji kimekwisha. Tuulize kwanza amepewa dakika ngapi, na afya yake ikoje.