Je, wajua? Kwa nini kigari cha umeme Marekani hukomea kilomita 40 kwa saa

Wengi wakiona kigari cha umeme cha magurudumu manne kikienda polepole kwenye mitaa ya Florida au California, hudhani betri yake ni dhaifu. Sivyo. Mota ya umeme huwa na nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na nyingi za vigari hivi zingeweza kwenda kasi zaidi. Kinachozizuia ni programu inayodhibiti mota, iliyowekwa kiwandani kwa makusudi. Kufunga betri kubwa hakuondoi kikomo hicho cha mwendo, na anayeondoa kizuizi hicho amelitoa gari lake kwenye kundi la kisheria linaloliruhusu kuwa barabarani.

Kundi hilo lilizaliwa mwaka 1998, wakati wastaafu walikuwa tayari wanakwenda dukani kwa vigari vya gofu. NHTSA, shirika la serikali kuu linalosimamia usalama wa magari, lilitoa kiwango namba 500: gari la magurudumu manne ambalo mwendo wake wa juu unazidi kilomita 32 kwa saa bila kupita 40. Liwe na taa, indiketa, vioo, mikanda na breki ya kuegeshea. Mifuko ya hewa halidaiwi, wala halifanyiwi jaribio la kugongeshwa ukutani.

Likivuka 40, linadaiwa yote ya gari kamili. Ni ngazi yenye kidato cha chini na cha juu kabisa, cha katikati hakuna. Mtengenezaji anayetaka kupanda kidogo tu analazimika kuimarisha bodi, kuweka mifuko ya hewa na kuharibu magari mazima kwenye majaribio. Uzito unaongezeka, uzito unadai betri kubwa, na bei inapanda hadi wazo la gari dogo la bei nafuu linapotea.

Kidato cha katikati, cha kilomita 56, kiliombwa. Mwaka 2008 NHTSA ilikataa, ikihofia vifo na majeraha zaidi. Hoja hiyo ina uzito, kwani nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 40 hadi 56 inakaribia kuwa maradufu. Ila fizikia haisemi mpaka ukae 40 hasa. Ulaya, Renault Twizy, kigari cha umeme cha magurudumu manne, iliuzwa kwa matoleo mawili, la kilomita 45 na la 80.

Cha ajabu zaidi ni hesabu ya magurudumu. Chombo cha magurudumu matatu, sheria ya shirikisho hukihesabu kuwa pikipiki. Ndiyo maana kampuni ya Arcimoto ya Oregon iliweza kuuza chombo cha umeme cha matatu kinachofika kilomita 120 kwa saa bila kudaiwa majaribio ya gari. Kingeongezwa la nne, kingeangukia kwenye sheria za magari.

Kisha kuna majimbo, ambayo ndiyo huamua gari lipite wapi. California huruhusu vigari hivi kwenye barabara zenye kikomo kisichozidi kilomita 56. Barabara yenye kikomo cha juu zaidi vinaweza kuikatiza kwenye makutano, lakini si kuifuata. Mtaa uliozungukwa na barabara kubwa unaweza basi kukosa njia halali ya kufika hospitali iliyo jirani. Peachtree City, Georgia, ililitatua tatizo hilo kwa ujenzi: ina zaidi ya kilomita 150 za njia za vigari vya gofu, zinazounganisha nyumba, maduka na shule.